Uzi wa Baba

9 Februari 1996

Dada yangu,

Barua hii natumai itakukuta kwenye cherehani, mguu kwenye pedali na pini mdomoni, maana sijui kukuwaza vingine. Mimi sijambo. Baridi imelegea, chumbani tumebaki wanne badala ya sita, na yule mwenzangu wa tanuri la kiwandani, tunayemwita Tanuri kwa sababu hana hadithi nyingine duniani, ameacha kukoroma tangu ahamie kitanda cha dirishani. Shangazi na magoti yake wanaendeleaje? Mwambie soksi alizonifumia ninazo bado, ingawa kidole kimoja kimeshaanza kuchungulia.

Sasa nimjibu Baba. Umesema anauliza, tena kwa dharau, hawa jamaa wanatengeneza fimbo za kuvulia kwa kitu gani kama si mwanzi. Msomee hapa polepole.

Mwambie ni kitambaa. Kinakuja katika marobota, cheusi, kinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Ni nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko uzi wowote ulio nao wewe, zimelazwa upande mmoja na kulowekwa gundi. Kinakaa kwenye jokofu kubwa kama chumba ili gundi isianze kukauka kabla ya wakati wake. Asubuhi kinatolewa, kinaachwa ubaridi uishe, halafu wakataji wanakikata vipande virefu vya pembe tatu kwa kufuata kipimo cha karatasi, kama wewe na sketi zako pana. Kila kipande kinaviringishwa kwenye chuma kirefu, kinene huku, chembamba kule. Juu yake tunakaza utepe wa plastiki, bandeji kabisa. Kisha tanuri. Kikitoka huko chuma kinachomolewa, utepe unamenywa, na kinachobaki ni mrija mweusi, mtupu ndani, mwepesi hata unatazama mkononi kama kweli umeshika kitu. Fimbo za bei rahisi wanazitengeneza kwa nyuzi za kioo, nyeupe. Hizo ni nzito zaidi, lakini unaweza kuzipinda kama upinde zisilalamike. Mpini ni lile gome laini la vizibo vya chupa.

Mimi tangu nije niko meza ya pete, zile za kupitishia mshipi. Za huku ni za chuma, na ndani zina duara la kauri ili mshipi usilike. Tunazifunga kwa uzi, tunaupaka gundi juu. Siku ya kwanza msimamizi wetu, Bibi Miwani, alisimama nyuma yangu akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa seremala mmoja mashoto, anayefunga pete za waya kwenye mianzi, na aliyekuwa akinizaba kofi kila uzi ulipopandana. Alicheka mpaka akavua miwani.

Mwambie Baba nitamtumia moja. Aandae maneno yake mapema.

Mdogo wako,
Kijiti


17 Machi 1996

Mdogo wangu Kijiti,

Barua yako imefika juzi, imekunjamana kama iliyokaliwa. Sisi wazima. Shangazi anasema magoti yake hayana jipya, na kama kidole kimechungulia basi kata kucha. Mimi nina sare za shule hadi kwenye dari. Nikifumba macho naona kola.

Nilimsomea Baba. Uliposema kitambaa alitaka nirudie. Uliposema jokofu alitoka nje. Aliporudi akasema, "Muulize hiyo ni fimbo au ni suruali." Halafu, "Yaani mtoto kaenda kote huko kujifunza kushona, na cherehani iko hapa." Baada ya hapo akachukua mwanzi wake, akaupitisha juu ya makaa kuunyoosha, na akanipa mimi somo zima la vifundo na maganda kana kwamba mimi ndiye wewe. Nilimsikiliza. Amekukumbuka, ila hilo usitegemee alitamke.

Jambo jingine, nguzo za umeme zimefika. Za mtaani kwetu ni zile ndogo, bado hatujaunganishiwa. Zile kubwa zimekatisha kwenye bwawa la machimbo, na nyaya zimepita juu kabisa ya ukingo wa Baba, pale kwenye jiwe lake la kuvulia. Amekasirika kama mtu aliyeingiliwa sebuleni. Alikwenda kuwaambia mafundi wahamishe nguzo, wakampa chai. Sasa kila Jumamosi anakaa palepale chini ya nyaya, kwa ubishi tu. Anasema zinavuma kama nyuki, lakini samaki hawana masikio.

Nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga, kama anavyotaka siku zote. Ameniomba karatasi. Ameviringisha pembe yake ikawa kijiti, ameizungushia uzi mara saba na ncha ameificha ndani, kama anavyofunga pete. Nilimwuliza kama hataki niongeze neno lake. Akanijibu lile lile: uzi maana yake nimesikia mpaka mwisho na sina la kuongeza.

Dadako


2 Mei 1996

Dada yangu,

Salamu nyingi, na hongereni kwa umeme. Ukiunganishiwa weka mota kwenye cherehani, huo mguu upumzike. Baba mwambie aache ugomvi na nguzo. Nguzo haina pa kwenda.

Tanuri anakuja likizo na atapita kwenu. Mzigo mrefu aliobeba ni wa Baba. Kila mwaka tunaruhusiwa kuchukua fimbo moja yenye kasoro, na mimi nimechukua iliyokuwa na lengelenge la rangi karibu na mpini. Lakini si ya kuokota. Wakataji waliniachia nikate kitambaa mwenyewe, nikaviringisha mwenyewe, Tanuri akaniruhusu kuiingiza na kuitoa. Msasa nimepiga mimi. Ni ya vipande vitatu, na ukiiunganisha inaupita mwanzi wake kwa karibu hatua mbili nzima, na bado uzito wake ni kama mwiko. Pete nimezifunga kwa uzi mwekundu, na nimeuzungusha kushoto, kama yeye. Bibi Miwani alidhani nimekosea. Nikamwambia hapana, hii ya mashoto.

Kitu kimoja kitamfurahisha. Mwisho wa kazi kila fimbo hubandikwa kikaratasi cha njano juu ya mpini, chenye mchoro wa mtu anayeanguka, fimbo mkononi na radi juu yake. Maandishi ni ya lugha ya wanunuzi, hata siyasomi. Nimekibandua. Unamjua Baba: hata msumeno mpya anaupiga msasa mpaka jina la kiwanda lifutike, ndipo auite wake. Nilitumia spiriti, haikubaki hata alama. Kuhusu radi tunajua bila karatasi.

Sasa sikiliza. Nataka ukweli. Usiniandikie kwamba ameipenda kama hakuipenda, nimechoka na barua za kunibembeleza. Niambie tu siku atakayoipeleka bwawani.

Kijiti


11 Juni 1996

Mdogo wangu,

Hatujambo. Tanuri alifika, akala, akalala, akaamka akatusimulia habari za tanuri. Ni mtu mwema lakini tulishukuru basi lake lilipofika.

Baba aliifungua fimbo mwenyewe. Aliigonga kwa ukucha na kusikiliza. Akainusa. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi nyekundu, pete moja moja, na alipogundua zinazunguka kushoto akasimamisha kidole. Akasema, "Pete amezifunga sawa." Hayo tu, Kijiti, lakini alikaa na fimbo mapajani mpaka chakula kikapoa, na sikuthubutu kumkumbusha.

Umetaka ukweli, basi huu hapa. Ameitundika juu ya mlango kwenye misumari miwili, na huko ndiko iliko. Jumamosi anachukua mwanzi. Nikimwuliza, anasema ile nyingine ni ya wageni.

Na wewe, mwandiko wako umelegea na karatasi ina madoa ya manjano. Una nini?

Uzi wake huu pembeni. Safari hii ameukaza hata karatasi imechanika kidogo.

Dadako


20 Julai 1996

Dada,

Salamu kwa wote. Madoa ni ya sabuni, usianze.

Ya wageni. Sawa.

Nimeisoma mara ngapi sijui. Nilisema nataka ukweli na umenipa, sina haki ya kununa, lakini nimenuna. Mwaka wa tatu huu nafunga pete kwenye fimbo za watu nisiowajua, zinakwenda kwenye maji ambayo sitayaona maishani. Nilitaka moja tu iende kwenye maji ninayoyajua. Nikae hapa mezani nijue kwamba leo Jumamosi, saa hizi, iko pale kwenye jiwe, mshipi umelala majini na yeye ananung'unika. Basi. Sitaki aisifu.

Mwulize tena. Aichukue mara moja tu, halafu airudishe kwenye misumari yake. Na wewe uniandikie ilivyokuwa, bila kutia chumvi.

Kijiti


4 Agosti 1996

Dada,

Leo sina salamu, utanisamehe.

Madoa si ya sabuni. Gundi imenikataa. Mikono imetoka malengelenge na ngozi inatoka vipande, kwa hiyo juzi wamenihamishia meza ya mwisho, ya vikaratasi vya njano. Nikamtania Bibi Miwani, hivi hawa wanunuzi hawajui kwamba hakuvuliwi kwenye radi? Akanitazama. Akasema si radi tu. Ni nyaya za umeme. Kaboni inapitisha umeme kama shaba. Wala si lazima fimbo iguse waya. Ukiisogeza karibu tu, umeme unaruka wenyewe, unashuka mpaka mkononi.

Barua yako ya Machi ninayo sandukuni. Nilikwenda kuisoma. Umeandika wazi, nyaya ziko juu ya jiwe lake. Nami nikakujibu habari za mota ya cherehani.

Ishushe leo. Mwambie nilikosea, mwambie ni suruali kama alivyosema, mwambie lolote. Nimejaribu kupiga simu posta ya kwenu mara tatu na laini imekatika mara tatu. Hii naituma kwa njia ya haraka. Ukiipata usimalize hata mshono ulio nao mkononi.

Kijiti


15 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Barua yako ya haraka imefika. Tulia.

Fimbo iko juu ya mlango. Baba nimemwambia na ameelewa. Hajambo. Shangazi hajambo. Sare za shule zimekwisha na sasa nashona mapazia ya ofisi moja, marefu, kazi isiyohitaji akili. Mvua bado.

Tibu hiyo mikono. Usirudi kwenye gundi hata wakikuomba. Usijisumbue na mengine.

Uzi wake huu hapa.

Dadako


22 Oktoba 1996

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu, namsalimu Baba, nalisalimu hata jiwe. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na nilipofika kwenye "iko juu ya mlango" nikaketi palepale, watu wakanipita kama ndoo iliyosahauliwa. Kwa wiki kumi chakula kilikuwa hakishuki. Tanuri alikuwa akinilisha kwa kunitukana.

Mikono inapona. Naweza kufunga vifungo vya shati mwenyewe sasa.

Nimeshapanga. Nitamtengenezea nyingine ya nyuzi za kioo, nyeupe, fupi kama mwanzi wake. Ile haipitishi umeme. Itakuwa nzito kidogo lakini yeye anapenda kitu anachokihisi mkononi.

Ila nakushangaa. Mtu aliyegombana na nguzo hadi akapewa chai, unamwambia mwanawe karibu amuue kwa kitambaa, naye anyamaze? Alisema nini? Nipe maneno yake, hata matusi.

Kijiti


30 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Wazima. Mapazia yamekwisha, nimepata mashuka ya hospitali.

Umeuliza Baba alisema nini. Alisema, "Nilimwambia tangu mwanzo, suruali haivui samaki."

Hiyo fimbo nyeupe usihangaike nayo. Siku hizi amechoka, haendi tena bwawani. Anakaa tu. Ngoja mkataba uishe, uje mwenyewe, tutaongea.

Uzi huu pembeni.

Dadako


8 Januari 1997

Dada,

Natumai Shangazi hajambo. Natumai na wewe.

Nyuzi za Baba sijawahi kuzitupa. Kila barua nikishaisoma nakata ile pembe na kuiweka kwenye kopo. Jumapili nilikuwa nikipanga vitu vyangu, nikazimwaga mezani. Ziko kumi na moja. Tisa zinazunguka kushoto. Mbili, ya Septemba na ya Novemba, zinazunguka kulia.

Ni nzuri. Hazikupandana, ncha imefichwa vizuri, nyembamba kuliko zake. Ni kazi ya mtu mwenye mkono wa cherehani.

Nimefunga pete miaka mitatu, Dada. Katika boksi la fimbo mia naweza kukuambia ipi imefungwa na nani kabla sijaona jina. Ulifikiri nitaangalia nini?

Nilijiambia ameumia mkono. Nimejipa hilo kwa wiki nzima, nalitafuna. Lakini Baba akiumia mkono angekufanya uniandikie kurasa nne za malalamiko.

Sitaki unieleze kitu ambacho huwezi. Nataka tarehe tu. Nijue kama barua yangu ya haraka ilikuwa njiani, au mimi nilikuwa bado nakaa mezani nikinuna.

Kijiti


12 Februari 1997

Mdogo wangu,

Jumamosi, tarehe kumi na saba Agosti. Barua yako ilikuwa njiani siku ya kumi na tatu. Ilifika tarehe ishirini na tisa. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na wanawake waliokuja kunipa pole, nikaipokea, nikaisoma mbele yao, nikaikunja, nikamwuliza mmoja wao kama chai inatosha.

Nitakueleza, kwa sababu hujaniuliza na najua unauliza. Wapasua kokoto walikuwa ng'ambo ya bwawa na walimwona. Mshipi ulinasa kwenye kitu chini ya maji. Alisimama akainua fimbo wima, juu, ili aunasue, kama alivyozoea kufanya na mwanzi miaka yote. Wanaapa haikugusa waya. Walisikia mlio mmoja. Walipofika alikuwa amelala ubavu, na fimbo bado anayo mkononi, mkono wa kushoto. Hakuteseka. Hilo si la kukubembeleza, ndivyo daktari alivyosema na ndivyo nilivyomwona uso.

Fundi wa shirika la umeme alikuja kuitazama fimbo. Alikwangua mahali rangi ilipoungua, kidole kikatoka cheusi. Akauliza, "Karatasi yake ya njano iko wapi?" Nilimwambia sijui. Barua yako ya Mei ilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama.

Shangazi alitaka upigiwe simu kiwandani. Nilimkataza, nikamkataza kila mtu, nikamwambia nitakueleza mwenyewe ukija, nikiwa nimekushika. Nilisema nakukinga wewe usije ukafanya jambo baya ukiwa peke yako mbali. Watu wote waliniamini na mimi nikajiamini. Lakini hiyo ni nusu yake, Kijiti, na nusu nyingine sijamwambia mtu.

Barua yako ya Julai ilifika Alhamisi, siku mbili kabla. Nilimsomea usiku huohuo, yote, na yale maneno ya maji unayoyajua. Jumamosi asubuhi akachukua mwanzi kama kawaida. Alikuwa ameshafika mlangoni, kopo la chambo mkononi. Mimi ndiye niliyemwita arudi. Nikamwambia, "Baba, leo chukua ya mtoto." Akasema ya wageni. Nikamwambia nimechoka kumwandikia mtoto kila mara kwamba haijatoka ukutani, na ameniomba nisimdanganye, na mimi sitamdanganya. Nikamwambia, "Ichukue hata mara moja, nipate la kumwandikia."

Akacheka. Akaegemeza mwanzi ukutani, akavuta kigoda, akapanda kuishusha. Kigoda kile kina mguu mmoja mfupi, unakijua. Mimi ndiye niliyemshikia kisiyumbe.

Sikutaka kukudanganya kwa kitu kidogo kama kile. Halafu nimekaa miezi sita nakudanganya, nakutungia hata maneno yake, na ule mzaha wa suruali niliucheka mwenyewe nilipouandika.

Mwanzi wake uko palepale alipouegemeza. Sijausogeza wala sijafagia chini yake.

Hapa pembeni sijafunga kitu. Hakuna wa kumsomea kabla sijaifunga.

Dadako


20 Aprili 1997

Dada yangu,

Barua yako niliipata tarehe nane Machi. Umeningoja sana, najua.

Mikono imepona, imebaki kukakamaa tu asubuhi. Bado niko meza ya mwisho. Kila kikaratasi nakiminya kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni, mara mbili, mara tatu, mpaka Bibi Miwani ananiambia yatosha. Nimemwomba anisomee maandishi yake neno kwa neno, na sasa ninayajua kwa moyo katika lugha nisiyoijua.

Nilianza kukuandikia mara nyingi. Katika barua moja nilikulaumu wewe, ukurasa mzima, na nilipoisoma nikaona naikimbia spiriti yangu na kitambaa nilichosugulia. Katika nyingine nilijibebesha yote mimi, na hiyo nayo ilikuwa uongo, kwa sababu nilikasirika nawe, na bado nina hasira nawe asubuhi nyingine. Zote nimezichana. Tanuri alizikuta kwenye pipa akaziwashia jiko bila kusoma.

Mkataba unaisha Juni na sijausaini tena. Nikija nitakufikia mchana, usijisumbue kwenda stendi. Mwanzi uache hapo. Tutauondoa pamoja, au tutauacha. Ile nyeusi kama bado unayo usiivunje, kaboni ikivunjika inatoa vibanzi visivyoonekana na vinaingia mkononi havitoki. Mimi najua jinsi ya kuishika.

Msalimie Shangazi.

Barua yako nimeisoma kuanzia juu hadi chini, mara nyingi kuliko nilivyoweza. Ya kwangu hii nimeviringisha pembe yake na kuizungushia uzi mara saba, kulia, kwa mkono wangu. Maana yake unaijua.

Mdogo wako,
Kijiti